Opsheni haikufa, mmeiua wenyewe!

Najua nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, na mjomba ameshalalamika kwenye simu kwamba kibaraza changu kimeota nyasi. Nisameheni, hotelini wamenipangia zamu za usiku na mtu ukirudi asubuhi unachotaka ni kitanda tu. Lakini leo sikulala. Leo nina hasira, na nimeona bora niimalizie hapa kuliko kuimalizia kwa mama Idrisa ambaye hana kosa.

Habari yenyewe ni ya mpira. Siyo soka, ni ule mpira wa Kimarekani wa kofia ngumu ambao shemeji yangu anauita "vita vya mabati". Tulieni kwanza, msikimbie. Mwanangu Idrisa, ambaye wengi wenu mlimwona mara ya mwisho akiwa anatambaa, sasa ana miaka 16 na anacheza kwenye timu ya shule yake. Ni mdogo wa umbo kama sisi wote wa ukoo ule. Misimu miwili amekuwa kwotabeki, yaani yule anayeshika mpira kwanza na kuamua uende wapi, kwa sababu timu ilikuwa inacheza mtindo unaoitwa opsheni. Mwaka huu amekuja kocha mpya, mtindo umetupwa, na mwanangu yuko benchi. Juzi Alhamisi kulikuwa na kikao cha wazazi. Nikasimama na kusema ninavyoona. Baba mmoja akanijibu mbele ya watu wote kwamba mimi nimetoka nchi ya soka, opsheni ni mchezo wa babu zao, umekufa, na niwaachie wenye mpira wao. Watu wakacheka. Nikakaa chini.

Sasa nasimama tena, hapa kwangu, ambapo hakuna wa kunikalisha.

Kwanza niwaeleze mchezo, maana bila hilo hamtajua nagombana kwa sababu gani. Timu yenye mpira inapewa nafasi nne za kusogea yadi 10, na yadi ni pungufu kidogo ya mita. Wakifika wanapewa nne nyingine, wakishindwa wanaupoteza mpira. Unaweza kusogea kwa kuurusha mpira mbele au kwa kukimbia nao. Uwanjani wako kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Sasa piga hesabu. Timu ya kawaida ikitaka kukimbia, kwotabeki anampa mwenzake mpira halafu anabaki kusimama anaangalia, kama mtu aliyemsindikiza mgeni stendi. Mwenye mpira naye hawezi kumzuia mtu. Wamebaki tisa wa kuwazuia mabeki kumi na mmoja. Ndiyo maana mara nyingi mkimbiaji anapata yadi mbili na kulaliwa na watu watano.

Opsheni inaigeuza hesabu hiyo. Wacheza basketi nyumbani wanaijua bila kufundishwa: mkiwa wawili mnashambulia na beki yuko mmoja, unamkimbilia. Akikujia wewe unatoa pasi, akimwendea mwenzako unafunga mwenyewe. Beki yule akifanya lolote amekosea. Kocha mmoja wa Chuo Kikuu cha Missouri, Don Faurot, ambaye naye alikuwa amecheza basketi, aliichukua akili hiyo akaiingiza kwenye mpira wa kofia mwaka 1941. Wakati huo babu yetu alikuwa bado hajaoa! Kwa hiyo ni kweli mtindo ni wa zamani. Lakini hata jembe ni la zamani, na sijasikia mtu akisema limekufa.

Ule unaoitwa opsheni ya njia tatu unakwenda hivi. Beki mmoja wa mwisho kwenye mstari anaachwa makusudi, haguswi na mtu. Kwotabeki anauweka mpira tumboni kwa mkimbiaji wa kwanza, yule mnene anayepita katikati, lakini hauachii bado. Anamtazama yule beki aliyeachwa. Beki akibaki nje, anauachia mpira, mnene anapita. Beki akiingia ndani kumkamata mnene, kwotabeki anauchomoa na kukimbia pembeni. Kule pembeni kuna beki wa pili, naye ameachwa makusudi. Huyo akimjia kwotabeki, mpira unatupwa kwa mkimbiaji mwingine anayefuata kwa nje. Akimwendea yule wa nje, kwotabeki anakata ndani na kusonga. Yote hayo ni kama sekunde mbili. Na wale wachezaji wawili ambao wangepaswa kuwazuia mabeki hao sasa wako huru, wanakwenda kuwazuia wengine mbele zaidi. Hesabu imegeuka, na haikugeuzwa na misuli. Imegeuzwa na macho ya kijana mmoja.

Ndiyo maana napenda mtindo huu, na ndiyo maana nilimwambia Idrisa aushike. Unampa nafasi mtoto mwembamba mwenye macho na akili tulivu.

Sasa yule baba aliyesema umekufa, nataka nimpeleke kwenye vyuo vikuu, maana huko ndiko wenyewe wanakopenda kutolea mifano. Mwaka 1968 Chuo cha Texas, kwa kazi ya kocha msaidizi Emory Bellard, walianza kucheza opsheni yenye wakimbiaji watatu nyuma ya kwotabeki, wamejipanga kama mfupa wa kidari cha kuku. Wakashinda mechi 30 mfululizo. Jirani zao Oklahoma wakaiga, na mwaka 1971 walikuwa wanakimbia wastani wa yadi 472 kwa mechi, rekodi ya vyuo mpaka leo. Nebraska ya kocha Tom Osborne, ambayo opsheni ilikuwa moyo wake, walichukua ubingwa wa nchi 1994, 1995 na tena 1997 wakigawana na Michigan. Kwenye fainali ya msimu wa 1995, iliyochezwa Januari 1996, walikutana na Florida waliokuwa mabingwa wa kurusha mpira. Watu wakasema sasa babu anakutana na kijana. Nebraska walikimbia yadi 524, wakashinda 62 kwa 24. Babu huyo alikuwa na miguu!

Utaniambia hiyo ni miaka ya nyuma. Sawa, basi tuje hapa hapa mjini kwangu. Chuo cha Georgia Tech kiko katikati ya Atlanta, na mwaka 2008 walimleta kocha Paul Johnson kutoka chuo cha jeshi la majini, Navy. Huko Navy, mwaka 2007, vijana wake walikuwa wamewafunga Notre Dame 46 kwa 44 baada ya vipindi vitatu vya nyongeza. Navy walikuwa wamefungwa na Notre Dame mara 43 mfululizo, hawakuonja ushindi tangu 1963. Unafikiri ghafla walipata vijana wakubwa kuliko Notre Dame? Hapana. Wale ni maofisa watarajiwa, wakimaliza chuo wanakwenda kulitumikia jeshi, na vijana wengi wanaoota kulipwa mamilioni hawaendi huko. Walishinda kwa sababu mpinzani mkubwa alilazimika kufikiri badala ya kusukuma tu.

Johnson alikaa Georgia Tech miaka 11, akashinda mechi 82 na kupoteza 60. Mwaka wake wa kwanza tu waliwafunga majirani na maadui zao Georgia 45 kwa 42 wakikimbia yadi zaidi ya 400. Mimi wakati huo nilikuwa mgeni wa mchezo, mfanyakazi mwenzangu ndiye aliyenielezea, na siku ile nilielewa kitu. Mwishoni mwa 2014 wakaenda Miami kwenye Orange Bowl, wakawapiga Mississippi State 49 kwa 34, tena kwa yadi 452 za kukimbia. Hata msimu wa mwisho wa Johnson, 2018, ambapo watu walikuwa wanapiga miayo uwanjani, walikuwa wa kwanza nchi nzima kwa kukimbia, zaidi ya yadi 330 kwa mechi.

Lakini mashabiki walikuwa wamechoka. Nilikuwa nawasikia kwenye basi na kwenye lifti ya hotelini: tunataka kisasa, tunataka kurusha, hakuna kijana wa maana atakayekuja kwenye mtindo huu. Johnson akastaafu, akaja kocha mpya na maneno matamu, opsheni ikafungiwa kabatini. Matokeo? 2019 walishinda 3 wakapoteza 9. 2020 walishinda 3 wakapoteza 7. 2021 tena 3 na 9. Septemba 2022 kocha akafukuzwa. Nitakuwa mwongo nikisema yote yalitokana na kuacha opsheni, maana kubadilisha wachezaji waliochaguliwa kwa mtindo mmoja wacheze mwingine ni kazi ya miaka. Lakini hilo nalo ni sehemu ya hoja yangu: mlitupa kitu kinachofanya kazi kabla hamjawa na cha kukishika. Na walipoanza kufufuka chini ya Brent Key, angalia walifufukaje. Novemba 2024 waliwafunga Miami, ambao hawakuwa wamefungwa msimu ule, 28 kwa 23. Walikuwa na kwotabeki, Haynes King, anayekimbia mwenyewe bila kuogopa. Jina limebadilika, lakini hesabu ya kumi na mmoja kwa kumi na mmoja ni ile ile.

"Mtindo huo unaua wapokeaji wa pasi." Hii niliisikia tena Alhamisi. Mwaka 2009, ndani ya opsheni ya Johnson, marehemu Demaryius Thomas alipokea pasi 46 tu msimu mzima, lakini zikampa yadi 1,154. Gawanya wenyewe: kila pasi yadi 25. Kwa nini? Kwa sababu mabeki wote walikuwa wamesogea mbele kuzuia mbio, huku nyuma kumebaki uwanja mtupu. Mwaka 2010 timu za kulipwa zilipochagua vijana, yeye ndiye mpokeaji wa kwanza kuchaguliwa. Aliuawa vipi huyo?

Sasa nisiwe kama mganga anayesifia dawa yake bila kusema inaumiza tumbo. Opsheni ina ubaya wake, na nautaja mimi mwenyewe ili yule baba asinizidi. Kwanza, kwotabeki anapigwa. Kila akiachia mpira kuna mtu anamgonga, na mimi mzazi nalijua hilo usiku ninapompaka Idrisa dawa mabegani. Pili, mpira ukitupwa tupwa unadondoka, na ukidondoka umeumia. Tatu, timu ikiachwa pointi nyingi haina haraka, kwa sababu mbio hula saa. Nne, mpinzani akipewa muda mrefu wa kujiandaa anajifunza. Ndiyo maana LSU, wakiwa na wiki kadhaa za mazoezi, waliwapiga Georgia Tech ya Johnson 38 kwa 3 mwishoni mwa 2008. Na katika miaka 11 Johnson aliwafunga Georgia mara tatu tu, hilo siwezi kuliosha.

Lakini hebu tazameni hiyo hoja ya saa kwa upande wa pili. Septemba 2018 chuo cha jeshi la nchi kavu, Army, walikwenda Oklahoma, timu yenye Kyler Murray ambaye mwaka ule alitangazwa mchezaji bora wa vyuo vyote. Army walishika mpira zaidi ya dakika 44 kati ya 60. Yadi tatu, yadi nne, yadi tatu, na nafasi ya nne ikibaki yadi moja hawapigi mpira mbali, wanaenda tena. Murray akawa anakaa benchi anakunywa maji. Oklahoma walishinda kwa tabu, 28 kwa 21, tena kwenye muda wa nyongeza. Mtu mnyonge hakulazimika kumshinda mbio yule mwenye mbio, alimnyima tu nafasi ya kukimbia.

Na Army hao hao ndio ushahidi wangu mkubwa. Mwaka 2022 wenye sheria walikataza kumzuia mtu chini ya kiuno mbali na katikati ya mstari. Ilikuwa silaha kubwa ya vijana wadogo wa opsheni. Wapinzani walisema inavunja magoti, na siwalaumu, goti ni goti. Watu wakatangaza msiba. Army wenyewe wakaogopa, 2023 wakabadilisha, kwotabeki akawa anasimama nyuma mbali kama timu za kisasa. Wakashinda 6 na kupoteza 6. Mwaka 2024 kocha Jeff Monken akarudi nyumbani: kwotabeki akarudishwa nyuma ya senta, opsheni ikatolewa kabatini ikapanguswa vumbi. Walishinda 12 wakapoteza 2, wakachukua ubingwa wa kanda kwa mara ya kwanza katika historia yao yote, na kwotabeki wao Bryson Daily akafunga mara 32 kwa miguu yake mwenyewe. Huyo ndiye maiti mnayeniambia amezikwa!

Kwa hiyo kinachoniudhi si kwamba watu hawapendi opsheni. Kila mtu na ladha yake, hata mchicha kuna wasioula. Kinachoniudhi ni kuambiwa imekufa na watu walioichoka tu. Kocha wa shule amekuta vijana wembamba, wafupi, wenye misimu miwili ya kusoma mabeki kwa macho, akaona wanatia aibu kwa sababu hawafanani na wanaoonyeshwa kwenye televisheni Jumapili. Sasa anawafundisha kurusha mpira kama wale wa kulipwa, bila watu wa kulipwa. Wamecheza mechi nne, wamefungwa nne. Wakikimbia wanapata yadi mbili, kwotabeki mpya (kijana mzuri, mrefu, sina ugomvi naye) anatoa mpira halafu anasimama kuangalia. Tisa kwa kumi na mmoja. Ile ile hesabu niliyowapa juu.

Ndugu zangu, hata sisi ugonjwa huu tunao. Mtu anavunja nyumba ya udongo iliyokuwa inampa ubaridi, anajenga ya bati kwa sababu jirani amejenga, halafu mchana anakaa chini ya mwembe. Mjomba, unajua namsema nani, ha ha ha.

Sasa niwape kilichonifanya nisilale. Wiki ijayo shule ya mwanangu inacheza na shule moja ya kijijini ambayo bado inakimbia opsheni. Jana kocha amemwita Idrisa. Anataka awe kwotabeki wa mazoezi, acheze kama wale wapinzani ili mabeki wake wazoee, na amempa siku nne. Mtindo uliokufa, lakini inabidi wiki nzima ya mazoezi itumike kujikinga nao! Idrisa alirudi jioni anacheka. Ameniambia mazoezini mabeki walikuwa wanamrukia mnene asiye na mpira, yeye anapita pembeni peke yake, mara tano mfululizo, mpaka kocha akapuliza filimbi na kusema pumzikeni.

Nikamuuliza, kocha amesema nini baada ya hapo? Akasema hakusema kitu, aliandika tu kwenye daftari lake. Sijui aliandika nini. Mimi mechi nitakwenda, zamu nimeshabadilishana na Mhaiti mmoja mwenzangu, na nitakaa karibu na yule baba wa Alhamisi. Sitasema neno. Nitahesabu tu kwa vidole, kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, aone.

Matokeo nitawaandikia. Mama, dawa ya mabega uliyotuma na dada imefika, inasaidia sana, Idrisa anasema inanuka lakini anaomba apakwe. Wanaotaka kubishana na mimi karibuni, hasa shemeji, ila soma yote kwanza. Wasalimieni wote.